Kwa nini dola kubwa zinasambaratika mkubwa akishafariki?

Kibuyu_Kikavu

Wakuu habari za usiku. Wasimamizi kama nimekosea jukwaa nihamisheni tu, sina ugomvi.

Juzi nilikuwa nasoma habari za Alexander yule Mmakedonia, wengine mnamwita Iskanda (tafadhali tusianze ile mada ya Dhulkarnaini, uzi utaharibika). Jamaa kafia Babeli mwaka 323 KK, ana miaka 32 tu, dola inaanzia Ugiriki inapita Misri na Uajemi mpaka mto Indus. Mrithi hana. Mke mmoja mjamzito, ndugu yake wa kwa baba inasemekana akili hazikuwa timamu, pete kamwachia jenerali wake Perdiccas. Sasa hao majenerali walikuwa wanakula naye sahani moja, wamevuka majangwa pamoja, ila mwili haujafika hata kaburini wameanza kutoana macho. Na ule mwili wenyewe uliibiwa njiani! Umetengenezewa gari la kifahari karibu miaka miwili, linakokotwa na nyumbu 64, linaelekea Makedonia, mwenzao Ptolemy akaliteka akaenda nalo Misri. Perdiccas akamfuata huko na jeshi, kuvuka Nile kukamshinda, watu wakasombwa na maji wengine wakaliwa na mamba, mwisho maofisa wake mwenyewe wakamuulia hemani. Yule mtoto aliyekuja kuzaliwa naye hajamaliza utoto wakamuua pamoja na mama yake.

Kilichonifanya niandike sio Alexander lakini. Baba mkubwa wangu alifariki mwaka juzi. Alikuwa na duka la jumla, mashine mbili za kusaga na fuso tatu, mji mzima unamjua. Tulipomaliza arobaini tukafungua lile daftari lake la madeni, yale makubwa ya kaunta, tukakuta kaandika vitu kama "Mrefu wa kule = gunia 9" na "mke wa fundi, bado ile". Hakuna aliyeelewa hata mstari mmoja. Wachache tuliowatambua tukawafuata, mmoja akatujibu hivi hivi, "mimi nilikopa kwa mzee, sikukopa kwenu." Leo hii fuso imebaki moja na iko juu ya mawe.

Sasa najiuliza, ni tamaa ya warithi, ni laana, au kuna kitu kwenye namna hizi dola zilivyojengwa tangu mwanzo? Karibuni.

Fundi Cherehani

Jibu fupi: wake wengi, watoto wengi. Nawasilisha.

Kibuyu_Kikavu

@Fundi Cherehani mkuu Alexander tatizo lake lilikuwa watoto wachache, halali ni mmoja na alizaliwa baba ameshakufa. Hiyo haijibu.

Fundi Cherehani

Basi watoto wachache. Nawasilisha tena 😂

Bi Mkubwa wa Darajani

Mie nikupe ya kwetu Unguja maana yako ya Alexander iko mbali na hii tuna makaburi yake hapa hapa mjini.

Seyyid Said bin Sultan alikuwa bwana wa Oman na bwana wa mwambao huu wote, akahamishia makao yake Unguja kwa sababu ndiko kwenye mikarafuu, pembe na watumwa (tuseme ukweli, na watumwa). 1854 akarudi Oman kuweka mambo sawa, akakaa huko hata akafiwa na mwanawe Khalid aliyemwachia Unguja. 1856 akapanda meli yake, jina lake Victoria, kurudi. Hakufika. Alifariki tarehe 19 Oktoba, meli iko baharini upande wa Shelisheli. Desturi mtu akifia baharini hukoshwa, husaliwa, akateremshwa majini. Mwanawe Barghash, kijana aliyekuwa naye melini, hakukubali. Akamweka baba yake mpaka Unguja, na walipofika akamteremsha usiku, kimya kimya, wala mizinga haikupigwa. Kwa nini usiku? Kwa sababu alitaka ashike nyumba ya ndugu yake Majid na ngome kabla mji haujajua kuwa mzee hayupo. Na Majid usiku ule hakuwepo nyumbani, katoka na vyombo kwenda kumlaki baba yake baharini, wakapishana. Mambo ya Barghash yakakwama, asubuhi ikamkuta si mtawala bali ni mtoto aliyefiwa kama wenzake, na hao wenzake, kwa hesabu ya dada yao Salme, walikuwa 36 jumla yao wake kwa waume.

Sasa tazama. Majid yuko Unguja, kashika Unguja. Thuwaini yuko Maskati, kashika Maskati. Turki yuko Sohar, kashika Sohar. Hakuna aliyechaguliwa, kila mtu alibaki na kile ambacho mauti ya baba yalimkuta nacho mkononi. Ndo maana nikakwambia hapana laana hapo.

Na jengine, watu husema dola ilivunjika baada yake, mie nasema mstari aliuchora mwenyewe. 1844 alimwandikia waziri wa mambo ya nje wa Uingereza, Lord Aberdeen, kuwa atakapoondoka Khalid atachukua upande wa Afrika na Thuwaini upande wa Oman. Khalid akatangulia yeye, barua ikabaki na tundu.

Kibuyu_Kikavu

@Bi Mkubwa wa Darajani shikamoo bibi. Hapo umenifungua. Kwa hiyo Majid na Thuwaini walikubaliana tu hivyo hivyo kila mtu na chake?

Bi Mkubwa wa Darajani

Marahaba mwanangu. Wee, wakubaliane vipi! Thuwaini ndiye mkubwa na anaona Unguja ndiko kwenye pesa. Kwanza Majid akaahidi kumpelekea riali 40,000 kila mwaka, halafu akaacha. Thuwaini akapakia jeshi majahazini 1859 aje ajichukulie, Waingereza wakamrudisha njiani. Kesi ikaenda kwa gavana mkuu wa India, Lord Canning, naye Aprili 1861 akahukumu kuwa Unguja ya Majid na Oman ya Thuwaini, na Majid alipe hizo 40,000 kila mwaka pamoja na za nyuma. Yaani mirathi ya watoto wa Said ikaamuliwa na mtu aliyeko Bara Hindi wala si ndugu yao.

Na katikati hapo, 1859 hiyo hiyo, Barghash akaasi tena. Dada zake Khole na Salme wakamsaidia, Salme ndiye aliyekuwa mwandishi wa barua zao za siri maana kuandika alijifunza mwenyewe kwa kujificha. Majid akaizingira nyumba ya Barghash. Basi madada wakenda kumzuru jioni na wanawake wao, wakamtoa nje kavikwa kike, kafunikwa yanaonekana macho tu, na walio warefu katika wale wanawake ndio waliotembea ubavuni mwake ili urefu wake usijulikane. Wakapita mbele ya askari! Akakimbilia shambani, wanamaji wa Kiingereza wakasaidia kuwavunja, akakamatwa, akapelekwa Bombay. Na ndo huyo huyo Majid alipokufa 1870 akaja kukaa kwenye kiti mpaka 1888. Dunia hii.

Kaskazi254

Salaam alekum nyote. Bibi hapo juu ameeleza vizuri lakini sisi wa Mombasa tuna maneno kidogo kuhusu hio "dola".

Hio haikua dola kama mnavyofikiria, ilikua ni forodha. Ukitoka Lamu mpaka Kilwa unakuta liwali mmoja, Mabulushi kadhaa wa kulinda ngome na mtu wa forodha anahesabu pembe. Ukitembea siku mbili kuingia bara hakuna anaejua bendera ya mtu. Ule msemo wa ngoma ikipigwa Unguja wanacheza walio maziwa makuu ni kweli lakini ulikua ni uchezaji wa biashara, sio wa serikali. Hata forodha yenyewe Said hakua anaiendesha, alikua amewakodisha Wahindi wa nyumba ya Jairam Shivji, wao wanampa kitu kimoja kwa mwaka alafu wanakusanya wenyewe. Sasa ukifa leo, kesho alioshika mji wenye forodha ndie alieshika mfuko. Majid alikua Unguja, forodha kubwa iko Unguja, mchezo umekwisha. Thuwaini alikua na ukubwa wa umri na tende.

Na musisahau Said aliipataje Mombasa. Miaka na miaka anaipiga, Mazrui, ule ukoo uliokua ukiitawala Mombasa, wamekaa Ngome Yesu hawatoki. 1835 akafa liwali wao Salim bin Ahmed, wakaanza kugombana wao kwa wao nani akalie kiti, na 1837 Said akaingia. Wakubwa wa Mazrui akawashika akawasafirisha wengine mpaka Bandar Abbas huko Uajemi, hawakurudi. Kwahivo Said alijua vizuri sana nyumba hua inavunjika saa ngapi, sababu yeye mwenyewe aliingilia kwa mlango huo huo. Miaka 19 baadae ikawa ni zamu ya watoto wake.

Mtoto_wa_Urambo

Naona pwani wametawala uzi, ngoja na sisi wa bara tuingie.

Mnamwongelea Said, mimi nawaletea Mirambo. Huyu hakurithi dola, alirithi kautemi kadogo tu ka Uyowa, akajenga kitu kinachokamata njia ya misafara kati ya Tabora na Ujiji mpaka Waarabu wa Tabora 1871 wakaingia vitani naye, na hawakummaliza. Stanley alipokutana naye 1876 alishamfananisha na Napoleon. Silaha yake ni nini? Rugaruga. Vijana, wengi hawana kwao, mateka wa vita, watoro wa misafara, amewakusanya akawapa bunduki na nguo nyekundu na sehemu ya nyara. Hawa sio watu wa ukoo wala wa kijiji, ni watu wa Mirambo. Na yeye vitani alienda mwenyewe, hakutuma mtu.

Sasa angalia hesabu ilivyo. Rugaruga analipwa kwa nyara. Nyara zinatoka vitani. Vita vinashinda kwa sababu Mirambo yupo. Desemba 1884 Mirambo akafariki kwa ugonjwa, akaingia ndugu yake Mpandashalo. Unadhani rugaruga alikula kiapo kwa Mpandashalo? Na wale watemi wadogo aliowapiga wakawa wanaleta pembe, walikuwa wanamwogopa nani, kiti au mtu? Kila mmoja akarudi kwenye utemi wake kimya kimya, hakuna hata aliyetangaza. Wajerumani walipofika miaka michache baadaye hawakukuta dola ya kupigana nayo pale, walikuta vipande.

Ni yale yale ya mdeni wa baba yako mkubwa @Kibuyu_Kikavu. Nilikopa kwa mzee, sikukopa kwenu. Mimi niliposoma huo mstari nikasema huyu jamaa kajibu swali lake mwenyewe halafu anatuuliza sisi.

Kibuyu_Kikavu

Duh. Sikuwa nimeliona hivyo kabisa aisee.

Kamusi Iliyochanika

Samahani wakuu mimi ndo mpinzani wa huu uzi. Hoja yenu ni tamu ila ina tundu kubwa, kwamba mkubwa akifa lazima kisambaratike. Uongo. Chinggis Khan kafa 1227, dola haikuvunjika hata kidogo, ilikua! Mwanae Ögedei akakaa kwenye kiti, 1241 Wamongolia wako Hungary wanachinja watu. Shaka kauawa 1828 na ndugu zake kabisa, Dingane akachukua, na Wazulu walikuwepo mpaka 1879 wakawapiga Waingereza pale Isandlwana. Kwa hiyo elezeni na hao.

Mimi nadhani hivi. Chinggis alimtaja Ögedei akiwa hai, mbele ya ndugu zake, na wakubwa wote wakakaa baraza lao la kurultai 1229 wakampitisha. Hiyo moja. Ila kubwa zaidi ni kwamba 1227 kila mtoto alikuwa bado anahitaji jeshi la pamoja ili apate nyara, dunia bado haijaliwa. Sasa nenda 1259, kafa Möngke, mjukuu. Hapo Kublai yuko Uchina na kodi za Uchina, mwingine yuko Uajemi na kodi za Uajemi, wengine wako nyika za Urusi wanakusanya chao. Kublai akapigana na mdogo wake Ariq Böke miaka minne, na baada ya hapo ikawa dola nne zinazoitana ndugu. Aliyekufa 1259 hakuwa hata mkubwa kuliko wa 1227. Kilichobadilika ni kwamba kila tawi lilishapata mizizi yake lenyewe.

Rudini kwa Said sasa. Maskati na Unguja vilikuwa na sababu gani ya kuwa pamoja zaidi ya yeye mwenyewe kupanda meli huku na huko kila baada ya miaka michache? Unguja ilishakuwa na mikarafuu yake, forodha yake, Wahindi wake wa kukopesha. Ilikuwa inamhitaji Maskati kwa lipi? Said alikuwa kamba tu iliyofunga mizigo miwili ambayo kila mmoja una mpini wake.

Mtoto_wa_Urambo

@Kamusi Iliyochanika nakubali nusu. Ila Mongolia walikuwa na kurultai, hicho ni chombo. Mirambo hakuwa na chombo, Said hakuwa na chombo. Hata hao Wazulu, vikosi vya amabutho viliitwa kwa jina la mfalme yeyote aliyepo, kijana wa rika fulani anaingia kikosi chake hata akibadilika mfalme. Rugaruga hakuwa hivyo.

Kamusi Iliyochanika

Hapo kwenye amabutho umenipiga bao, sikuwaza.

Karani Mstaafu

Vijana mnajadili vizuri, ngoja mzee nichangie kitu kimoja halafu nikalale.

Mnauliza kwa nini hakuandaa mrithi kana kwamba ni uzembe. Sio uzembe. Mtu anayemtaja mrithi wake mapema anamtaja mtu atakayefaidika na kifo chake, na kila asiyeridhika atajua pa kwenda. Said hilo alilijua mwilini. Yeye mwenyewe alipata utawala 1806 akiwa kijana mdogo kabisa baada ya kumuua kwa jambia binamu yake Badr aliyekuwa anashika madaraka. Mtu aliyeingia hivyo unadhani atalala vizuri na mwana mkubwa aliyekamilika kila kitu karibu yake? Mwanawe mkubwa Hilal aligombana naye, akaenguliwa, akafia Aden 1851. Na kwa mafundisho ya Kiibadhi, madhehebu ya Said, kiongozi huchaguliwa, harithi mtoto kwa kuwa ni mtoto, kwa hiyo hata sheria ya kumshika Majid au Thuwaini mkono haikuwepo. Aliyeweza ndiye.

Waturuki Waosmani walilijua tatizo hili wakalitibu kwa dawa ya kutisha. Mehmed III alipokalia kiti 1595 aliwanyonga ndugu zake 19 wa kiume, wengine watoto wadogo wa kubebwa, wakazikwa pamoja na baba yao. Dola ikabaki nzima. Baadaye wenyewe wakaona aibu wakaacha kunyonga, wakawa wanawafungia ndani ya jumba la kifalme, mtu anakaa chumbani miaka mingi halafu siku moja anatolewa anaambiwa tawala. Chagueni wenyewe lipi lina nafuu, Majid na Thuwaini kugawana au hiyo.

Usiku mwema.

Fundi Cherehani

Watoto 19 🙆🏾‍♂️ nafuta komenti yangu ya kwanza.

Dada_Songea

Jamani na sisi Wangoni mmetusahau kabisa. Zwangendaba alitoka na watu wake kusini huko kwa kina Shaka, akavuka Zambezi Novemba 1835 siku ambayo jua lilipatwa, akaja mpaka Ufipa, akafariki Mapupo miaka ya 1840. Hapo hapo wakagawanyika, nyumba ya mke huyu inasema mtoto wetu, nyumba ya mke yule inasema wetu. Mpezeni akaenda zake upande wa Zambia ya leo, Mbelwa na Chiwere wakaishia Malawi, Watuta wakapanda kaskazini mpaka kwenu Unyamwezi @Mtoto_wa_Urambo na baadaye wakawa marafiki wa vita wa huyo Mirambo wako, na Wagwangara wakashuka mpaka Songea ndo sisi.

Ila mimi nauliza, kwani hiyo ni kuvunjika? Lilikuwa kundi moja linalotembea, likawa falme tano. Kila kundi lilibeba vikosi vile vile, vile vile vya kuteka vijana na kuwafanya Wangoni. Mimi bibi yangu mzaa mama ukoo wake ni Wandendeule kabisa ila ukimwambia sio Mngoni anakufukuza. Nyie mnasema dola imekufa, sisi tunaona iliatamia mayai.

Kamusi Iliyochanika

Iliatamia mayai 😂😂 dada umeua. Ila una pointi, walikuwa wanaishi kwa kuhama na kuteka, kundi likiwa kubwa sana chakula hakitoshi, kwa hiyo kugawanyika kungekuja tu, mauti ya mzee yaliwapa tarehe.

Mswahili_Maskati

Assalaam alaykum. Nawasoma kutoka huku Maskati, sie ambao wazee wetu walirudi baada ya 1964 nyumbani bado tunasema Kiswahili, na hii kadhia ya Thuwaini na Majid ni kama ya juzi tu.

Mumeishia 1861, malizieni basi upande huu. Thuwaini baada ya hukumu hakukaa. 1866 aliuliwa kitandani Sohar na mwanawe wa kumzaa, Salim. Salim naye akapinduliwa 1868. Halafu 1871 akaja kushika Turki, yule yule mwana wa Said aliyekuwa Sohar. Mwanawe Turki ni Faisal, wa Faisal ni Taimur, wa Taimur ni Said, na wa Said ni Qaboos.

Sasa Qaboos alitawala tangu 1970, karibu miaka 50, kila kitu kilipita kwake, na hakuwa na mtoto wala ndugu wa tumbo moja wa kiume. Kwa hisabu yenu hii nchi ilikuwa igawanyike. Sheria ilisema akifa familia ya kifalme ina siku tatu kuchagua, wakishindwa ifunguliwe barua aliyoiacha mwenyewe. Miaka yote hiyo hapana aliyejua ndani ya bahasha mna jina la nani, watu tukikaa barazani kila mtu na wake. Alifariki tarehe 10 Januari 2020 usiku. Asubuhi sie tumekaa mbele ya televisheni, tunaona bahasha inafunguliwa mbele ya watu, inasomwa, Haitham bin Tariq, binamu yake. Familia haikusubiri hata hizo siku tatu, wakasema ifunguliwe. Nakumbuka mama yangu alikuwa kashika kikombe cha kahawa hakikunyweka mpaka kikapoa, jina liliposomwa akasema "haya, alhamdulillah," akenda kupika.

Sasa ukimrudia yule mzee karani, ile bahasha imetibu tatizo lake. Mrithi yupo lakini hajulikani, kwa hivyo hapana wa kumzunguka wala wa kumuua. Mwaka uliofuata Haitham akabadilisha sheria, sasa kuna mrithi anayejulikana, mwanawe Theyazin.

Bi Mkubwa wa Darajani

@Mswahili_Maskati mwanangu umenitoa machozi, wasalimie wote huko. Laiti Said angeandika jengine baada ya Khalid kufa. Alikuwa na karibu miaka miwili.

Kaskazi254

Hata angeandika bibi, nani angeifungua? Barghash ndie alikua melini nayo 😅

Bi Mkubwa wa Darajani

Hahaa, hapo umenishika.

Kibuyu_Kikavu

Wakuu nimewasoma wote, nashukuru sana, nimekopi uzi mzima nimeweka kwenye simu.

Sasa niwape mrejesho. Baba yangu mzazi ni mdogo wake yule marehemu, ana miaka 74, ana ng'ombe, viwanja vitatu na vibanda vya kupangisha, na yeye pia ana daftari. Jana jioni nilikwenda kwake, nikamsubiri amalize kusikiliza taarifa ya habari, nikamsimulia taratibu habari ya Seyyid Said, ya Barghash kuvikwa kike akacheka mpaka akakohoa, nikaja ya bahasha ya Qaboos. Akanyamaza. Nikamwambia baba hata sio lazima tujue kilichoandikwa, wewe andika tu, weka kwa shehe au popote, sisi tujue ipo.

Akaniangalia muda mrefu. Akaniuliza, "Nani kakutuma?"

Nikasema hakuna.

Akasema sawa, akachukua redio yake akaingia ndani. Leo asubuhi mdogo wangu wa mwisho kanipigia anauliza kwa nini nataka baba afe.

Karani Mstaafu

Pole mwanangu. Mpigie mdogo wako mwende wote wawili, na safari hii usianze na Said. Anza na lile fuso lililo juu ya mawe.